Mtoto anakunja ulimi, wazazi wake hawawezi: sasa baba anataka jibu kwangu

Mama Mshauri, jambo.

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Ninafundisha wa saba na wa nane. Naomba usitaje jina langu wala la shule. Mambo mengine nimeyageuza kidogo ili watu wasitambulikane.

Nianze na kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Shule yetu haina maabara. Kuna kabati lenye darubini iliyovunjika kioo na chupa ambazo maandishi yake yamefutika, basi. Kwa hiyo majaribio nayatengeneza mwenyewe. Nilinunua chokaa ya kupaka ukuta, nikaikoroga katika maji, nikaiacha itulie usiku kucha, asubuhi nikamimina yale maji maangavu ya juu katika glasi. Watoto wakapuliza ndani kwa mrija, kila mmoja na wake. Ungeona jinsi walivyonyamaza maji yalipoanza kuingia ukungu, kisha yakawa meupe kabisa. Tangu siku ile hakuna anayeniuliza kama ni kweli tunatoa gesi ya kaboni tukipumua. Moyo wa mbuzi tuliupasua ukiwa umetoka buchani asubuhi hiyohiyo. Mvulana mmoja aliingiza kidole katika mshipa mkubwa, kikatokea katika chumba cha kushoto, na akabaki anakizungusha pale huku wenzake wakigombea zamu. Darasa lina watoto zaidi ya sitini, na siku za jaribio hakuna anayesinzia. Mama, hii kazi naipenda.

Baada ya moyo wakaanza kuuliza juu ya kufanana: kwa nini fulani ana pua ya bibi yake, kwa nini ndugu wawili hawafanani. Urithi kwa undani ni somo la madarasa ya juu, lakini sikutaka kuzima maswali yao. Nikatumia zoezi linalopatikana katika vitabu vingi. Kila mtoto alichora jedwali lenye safu tatu, mimi, baba, mama, akaandika nani anaweza kukunja ulimi uwe kama bomba na nani hawezi, na nani ana ndewe la sikio lililoshikamana na shavu. Kitabu kinasema kukunja ulimi ni sifa tawala. Maana yake, wazazi wawili wasioweza hawawezi kuzaa mtoto anayeweza. Niliwafundisha hivyo.

Kesho yake msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu, mwenye akili sana, alisimama akasema mbele ya wote: "Mwalimu, mimi nakunja. Baba hawezi, mama hawezi. Sasa mimi nimetoka wapi?" Darasa likacheka. Mvulana wa nyuma akasema neno baya juu ya jirani. Nikawanyamazisha, nikamwambia msichana arudie kuwauliza nyumbani, huenda hawakujaribu vizuri. Akarudia kweli, usiku, wanakula bukari, na baba yake alikuwepo. Baba anafanya kazi Kolwezi katika mgodi, huja nyumbani mara moja moja. Wakajaribu tena wote mezani. Jibu likawa lilelile.

Siku chache baadaye mama yake alinifuata darasani watoto wametoka. Akafunga mlango, akalia, akaniambia kwamba huyu mtoto si wa mume wake. Ni mambo ya zamani, mwanzoni mwa ndoa, mume alipokuwa safarini. Hajamwambia mtu yeyote. Akanishika mikono akisema: "Mwalimu, wewe ndiye uliyeleta jambo hili nyumbani kwangu, wewe ndiye utakayeliondoa. Waambie zoezi lako lilikuwa la uongo, na mume wangu umwambie mtoto ni wake."

Kisha baba akanitumia ujumbe wa sauti kutoka Kolwezi. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alisema: "Mama Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Niambie sayansi inasema nini juu ya ulimi wa mwanangu. Mwisho wa mwezi nitapita shuleni."

Wakati huohuo prefe, mkuu wetu wa shule, amesikia kelele za wazazi wengine na amekataza majaribio yote. Anataka ubao, chaki na madaftari yaliyojaa, maana mwisho wa wa nane kuna mtihani wa kitaifa wa kuwaelekeza watoto. Msichana mwenyewe hanyanyui tena mkono.

Nifanye nini baba huyu akija? Nikisema zoezi ni la uongo, nitakuwa nimeikana sayansi ninayoifundisha. Nikisema kitabu ni kweli, nimebomoa nyumba ya watu. Na je, niachane na majaribio, kama ndiyo haya yanayotoka humo?

Mwalimu wa Katuba

*

Mama Mwalimu, binti yangu,

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kabla ya kuketi kujibu barua za watu nami nilisimama mbele ya ubao kwa miaka mingi, kwa hiyo naujua ukimya wa darasa pale maji ya chokaa yanapogeuka. Pole sana. Umejikuta katikati ya watu wanne: mtoto aliyeuliza swali halali, mama mwenye siri, baba mwenye shaka, na mkuu wako anayetaka utulivu. Kila mmoja amekuwekea mzigo wake mikononi. Naona umeipokea yote bila kwanza kutazama upi ni wako.

Nianze na ulimi, kwa sababu barua yako yote imejengwa juu ya jambo moja ulilolichukulia kuwa la hakika: kwamba kitabu kilisema kweli. Unadhani una njia mbili tu, kuikana sayansi au kumvunjia mtu nyumba yake. Tutazame hiyo sayansi yenyewe.

Mwaka 1940 mwanajenetiki Mmarekani Alfred Sturtevant aliandika kwamba kukunja ulimi ni sifa inayorithiwa, na kwamba inaonekana kuwa tawala. Vitabu vya shule vikaichukua, maana ni sifa rahisi kuonyesha, haihitaji kifaa wala pesa. Lakini katika familia alizozichunguza mwenyewe walikuwemo watoto wanaokunja ulimi ambao wazazi wao wote wawili hawawezi. Mwaka 1952 Philip Matlock alichunguza jozi 33 za mapacha wa kufanana, wale wanaotoka katika yai moja na wenye urithi mmoja. Katika jozi 7, pacha mmoja aliweza na mwenzake hakuweza. Kama jeni moja, yaani chembe moja ya urithi, ndiyo ingekuwa inaamua, jambo hilo lisingetokea. Mwaka 1965 Sturtevant mwenyewe aliandika kwamba anaona aibu kuona sifa hiyo ikiendelea kuorodheshwa kama mfano wa urithi rahisi. Zaidi ya hayo, watoto wengine hawawezi wakiwa wadogo na wanaweza wakikua. Ndewe la sikio nalo ni vilevile: utafiti wa mwaka 2017 ulipata sehemu 49 za urithi zinazochangia umbo lake, na watu wengi wako katikati, huwezi hata kusema kwa hakika limeshikamana au halikushikamana.

Kwa hiyo ulimi wa binti huyu hauwezi kumwambia mtu yeyote baba yake ni nani. Hilo ukimwambia baba, unamwambia sayansi ilivyo, na wala huhitaji kumwonea mama huruma ili useme hivyo. Mama alikuomba useme zoezi ni la uongo akidhani anakuomba uongo. Sehemu hiyo ya ombi lake ni kweli tupu, na angestahili kuijua.

Sehemu ya pili ya ombi lake ni jambo jingine. Anataka umhakikishie mume kwamba mtoto ni wake. Hapo naomba usimame ufikiri sana. Wewe hujui. Hata yeye, kwa kweli, anaamini tu, hana hakika. Anakumbuka safari ya mume, amehesabu miezi, na ameishi na hofu miaka yote hii mpaka hofu imekuwa hakika. Huenda hesabu yake ni sahihi. Lakini hakuna aliyepima, na mtu aliyebeba aibu peke yake kwa muda mrefu hivyo huwa haachi nafasi ya kujiuliza kama amekosea.

Sasa baba atakapokuja. Jibu la kwanza unaloweza kumpa ni la ulimi tu: "Baba, kitabu nilichotumia kimerudia jambo ambalo watafiti waliliacha zamani. Kuna mapacha wa kufanana kabisa, mmoja anakunja na mwingine hawezi. Ulimi hauonyeshi mtoto ni wa nani." Ni jibu la kweli na linaingia akilini. Hatari yake ni swali litakalofuata. Akikutazama usoni akauliza, "Kwa hiyo huyu ni mwanangu?", ukisita, kusita kwako kutakuwa jibu. Ukisema ndiyo, umetoa ushahidi usio nao. Labda unaweza kusema: "Baba, hilo si swali la mwalimu wa biolojia. Ninachojua ni kwamba zoezi langu halikukupa sababu yoyote ya kuuliza." Jaribu kulitamka nyumbani kwa sauti kabla hajafika, ili mdomo ulizoee.

Unaweza pia kukwepa kabisa, ukamwambia azungumze na mke wake. Walimu wengi wangefanya hivyo, na siwalaumu. Lakini huyu mtu ameshakuuliza, na wewe ndiye uliyemfundisha mtoto wake kwamba jambo hilo haliwezekani. Ukinyamaza sasa, atadhani kitabu kimesimama palepale. Kukutana naye mbele ya prefe kungekulinda wewe, na ofisini watu hupunguza ukali. Lakini kila sikio unaloongeza ni mdomo mwingine, na Katuba mnajuana.

Najua utajiuliza pia kama baba hana haki ya kuambiwa ulichosikia. Sitalipuuza swali hilo. Anamlea mtoto huyu, analipa minervali, ada ya shule, kwa jasho la mgodi, na kuna watu wangesema anastahili ukweli wote. Nami nauona uzito wa maneno hayo. Lakini jiulize ukweli huo ukitoka kinywani mwako utamfikia nani kwanza na kwa nguvu gani. Mama anaweza kupigwa. Binti anaweza kufukuzwa nyumbani, au kubaki humo akitazamwa kwa jicho jingine. Na wewe uliusikia ndani ya mlango uliofungwa, kutoka kwa mtu anayelia. Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa humhesabu mume kuwa baba yake. Sheria hiyo haimalizi maumivu ya mtu. Hata hivyo inafaa uikumbuke unapofikiri nani ni baba wa nani: huyu wa Kolwezi, aliyekuuliza juu ya "ulimi wa mwanangu", ndivyo alivyomwita.

Ningependa uonane na mama kabla mume hajafika, kama inawezekana na kama moyo wako unaweza. Mwambie wazi utakachosema na usichoweza kusema, ili asikutegee uongo ambao hutauleta. Na kuna jambo moja la kisayansi ambalo ni heri alisikie kwako kwa upole kuliko alikute hospitalini. Ulimi hausemi kitu, lakini damu inasema. Mtoto akiugua malaria kali na kuishiwa damu, ndugu huitwa kupimwa ili watoe. Baba wa kundi O kwa kawaida hazai mtoto wa kundi AB. Ugonjwa wa SS (selimundu) nao, ambao familia nyingi za hapa zinaujua, kwa kawaida humfikia mtoto kutoka kwa wazazi wote wawili. Usimwambie haya kumtisha. Mwambie ili ajue kwamba siri yake haikutegemea zoezi lako peke yake, na kwamba huenda siku moja akataka kulizungumza mwenyewe, kwa wakati anaouchagua, akiwa na mtu wa kumshika mkono: dada yake, shangazi anayemwamini, mchungaji mwenye kifua. Akichagua kunyamaza, huo nao ni uamuzi wake.

Binti ndiye ninayemfikiria zaidi. Umesema hanyanyui tena mkono. Aliuliza mbele ya watu sitini, akachekwa mbele ya watu sitini, na kwa hiyo nadhani jibu la faragha halitamtosha. Anahitaji darasa lisikie kwamba hesabu yake ilikuwa sawa na kanuni ndiyo iliyokuwa na kasoro. Hiyo kwa mtoto mwenye akili ni zawadi kubwa: aliona kitu ambacho kitabu hakikukiona.

Namna ya kufanya hivyo naiona, lakini wakati wake utaupima wewe. Lubumbashi hatukosi akina Mbuyu na Kabange, majina tunayowapa mapacha. Tafuta shuleni mapacha wanaofanana kabisa, zaidi ya jozi moja ukiwapata, uombe ruhusa kwao na kwa wazazi wao. Wajaribu mmoja mmoja, mwenzake akiwa nje, ili wasiigane, na uwape kioo kidogo wajione. Pengine wote watalingana, pengine hapana. Vyovyote itakavyokuwa, unaweza kuwaeleza habari ya zile jozi 33 na kuwauliza: kanuni ikisema jambo haliwezekani, na jambo likatokea, tunaacha nini, jambo au kanuni? Hatari ni kwamba ukilifanya wiki hii watoto wote watageuza shingo wamtazame yeye. Huenda ukatanguliza kitu kingine: alama za vidole kwa wino wa muhuri, kila mtoto vidole vyake mwenyewe, watafute kama kuna wawili waliolingana. Au urithi kwa maharagwe: makopo mawili, mekundu na meupe yamechanganywa, mtoto anatoa moja kutoka kila kopo bila kutazama, anaandika, anarudisha, mara nyingi, kisha darasa zima linajumlisha. Wataona wenyewe jinsi sifa fiche, ile inayofunikwa na sifa tawala, inavyojificha na kurudi, na hakuna nyumba ya mtu itakayoingia darasani.

Hapo ndipo ningekuomba ulitazame lile jedwali upya, hata kama kusingekuwa na siri yoyote katika familia hii. Safu ya "baba" na safu ya "mama" zinadhani kila mtoto ana wote wawili nyumbani. Katika darasa lako wapo waliofiwa, wapo wanaolelewa na mjomba, wapo ambao mama aliondoka wangali wachanga. Wengine, nina hakika, walibuni majibu ili safu isibaki wazi. Kwa urithi, mimea, maharagwe na miili ya watoto wenyewe vinatosha kabisa.

Kuhusu prefe, sidhani unahitaji kupigana. Amekataza akiwa na wazazi mlangoni, na hofu yake ni ya kweli. Lakini chokaa, moyo wa mbuzi na maharagwe havikumkosea mtu. Programu mpya ya sayansi ya wa saba na wa nane yenyewe inataka somo lianzie katika hali halisi ya maisha, na hilo analijua. Unaweza kumpelekea orodha fupi ya majaribio, kila moja na mada yake ya programu na dakika zake, ukisema wazi kwamba hakuna linalogusa familia, na kwamba hakuna damu ya mtoto itakayotolewa darasani kwa sababu yoyote. Anaweza kukataa tena. Anaweza kukubali moja ili aone. Ukiwa umeandaa pia daftari la maswali ya mtihani yaliyotokana na majaribio hayo, utakuwa unajibu wasiwasi wake mwenyewe badala ya kujitetea.

Uliniuliza kama uachane na majaribio. Sitakuamulia. Ila nimeangalia barua yako, na swali la binti lilitoka katika kanuni uliyoiandika ubaoni kutoka kitabuni, kanuni ambayo watoto hawakupewa nafasi ya kuijaribu. Majaribio yako mengine yote waliona kwa macho yao.

Jambo moja usilisahau kabla ya kuonana na yeyote kati yao: yale majedwali ya watoto bado yako wapi? Kama yamo katika lile kabati au juu ya meza ya walimu, yachukue leo. Yana habari za nyumba zaidi ya sitini.

Mama Mshauri